Hesabu ya Mchanga

Tulitoka Farkwa jogoo hajakohoa,
watu arobaini na mmoja, na punda wa Mama Sechelela
aliyebeba madumu bila kuulizwa imani yake.
Katekista na shehe walivutana kidogo
nani atangulie dua.
Zikasomwa zote mbili kwa mpigo,
mto haukulalamika.

Jina lake Bubu, na mwezi wa kumi kweli hausemi.
Tuliukanyaga ndani kwa ndani, kingo kulia na kushoto.
Mchanga ulimeza kisigino, ukakirudisha shingo upande
kama mtu anayelipa deni la watu.
Kila mmoja alishika shina la tete, mizizi imefungwa gunia bichi.
Langu nililibeba kama mwavuli wa kuazima.

Mimi ni fundi mwashi. Mchanga naujua kwa kidole:
huu wa plasta, ule wa zege,
ule una udongo, utakupasulia ukuta kabla ya Krismasi.
Toroli tatu kwa mfuko mmoja wa saruji:
sala ya kwanza kuishika kichwani,
nikiwa na miaka kumi na minne.

Tabea, binti wa Kisandawe, alitaja kila kona kwa jina.
Majina yenye vidoko, kama matone yanayodondokea kata.
Nilijaribu moja, ulimi ukajikwaa.
Watoto wakanicheka hadi kona iliyofuata,
nayo sikuiweza.

Siku ya pili, shimo.
Basi lingeingia humo na abiria wake wa juu.
Malori mawili, vijana sita, makoleo,
na mmoja, Chedego, akanyoosha mkono kwa furaha:
"Fundi! Mzigo mwingine lini?"

Vichwa arobaini viligeuka.
Hata punda.

Sikujibu. Nilianza kuhesabu.
Darasa la Chipanga, tripu kumi na tisa.
Wodi ya wazazi, thelathini na mbili, na wanangu wawili wamezaliwa humo.
Mnara wa kanisa. Ukuta wa msikiti.
Nyumba yangu, vyumba vinne na baraza,
ukuta ninaouegemea kila jioni nikivua viatu,
nikiuita wangu.
Kumbe ni mto,
umesimamishwa wima, ukapakwa chokaa.

Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema.
Chedego alichomeka koleo, akatembea nasi mpaka magharibi,
akarudi. "Nina watoto," alisema,
na hilo halikuwa na mpinzani.

Usiku ule tulichimba maji.
Mama Sechelela alishuka kisimani mwenyewe, amekataa vijana.
Kiuno kikazama, bega, kitambaa cha kichwa,
ikabaki kata inayopanda na kushuka.
Sauti yake ikatoka chini ya miguu yetu:
"Mwaka nilioolewa hapa nilichota kwa kiganja.
Mchanga ndio mtungi, jamani.
Mkiuza mtungi, mvua ikija mtaikinga na nini?"
Kisha akaomba avutwe, mgongo unamuuma.

Siku ya nne, Bahi. Majaruba makavu, chumvi inang'aa,
honi ya treni ikapita bila kutuona.
Tulipanda matete ukingoni, mistari imepinda.
La kwangu lilisimama wima mno, kama nguzo;
Tabea akaliinamisha: "Litajifunza lenyewe."

Watu walikwenda kula. Nilikaa, nikavua viatu,
nikavikung'uta. Viganja viwili,
mchanga safi, wa plasta,
ungeziba ufa wa dirisha.

Nilirudi nao hatua mia moja na kitu.
Simu ikaita mfukoni, najua ni nani, msingi unamngoja.
Ikaita tena.
Mikono yote miwili ilikuwa imejaa.